MNARA UNAJUA ULIPO. NANI KAURUHUSU USEME?



Mwezi Agosti 2024, tukijiandaa kwenda Mbeya kwenye Siku ya Vijana, kijana mmoja wa hapa Tukuyu aliniambia kwa kujiamini kabisa: "Kaka, mimi nimeshazima lokesheni, hawanipati." Mwenzake akaacha simu ya tachi nyumbani akabeba kitochi. Siku zile ziliishaje tunajua: polisi walikamata zaidi ya watu 500, Mbowe na Lissu wakiwemo. Sisemi walikamatwa kwa kufuatiliwa simu, wengi walizuiwa barabarani mchana kweupe. Nasema hivi, wale vijana wawili walikuwa wanajidanganya, na wengi wetu bado tunajidanganya hivyo hivyo.

Lokesheni unayozima ni ile ya setilaiti. Mnara hauihitaji. Ili simu yako iite mtu akikupigia, lazima mtandao ujue uko eneo la minara ipi, la sivyo utakutafuta nchi nzima. Panda Hiace hapo stendi ya Tukuyu, weka simu mfukoni usiiguse: Kiwira, Isongole, mpaka Uyole, inaachana na mnara huu inashika ule. Ukipiga, ukipokea au ukituma meseji, kumbukumbu inabaki kwamba ulikuwa mnara fulani, saa fulani. Na mwenye mitambo anaweza kuiuliza simu yako ilipo bila wewe kusikia mlio wowote.

Kitochi ndiyo kabisa. Mnara huwa na antena zinazotazama pande tofauti, mara nyingi tatu, kwa hiyo upande wako unajulikana. Halafu muda wa mawimbi kwenda na kurudi unapimwa, na kwenye 2G unapimwa kwa hatua za kama mita 550. Dar minara imebanana, duara ni dogo. Huku kwetu kwenye milima na migomba minara ni michache, duara ni pana. Usishangilie! Duara pana la kijijini lina kaya chache tu, na kila jirani anajua nani ana kadi ya CHADEMA.

Kubadili laini je? Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole tangu 2019, na simu yenyewe ina namba yake ya IMEI inayobaki ile ile hata ukichomeka laini kumi.

Sasa kwa nini nawachosha na habari za minara? Kwa sababu ya Lissu.

Tarehe 7 Septemba 2017, Dodoma, mchana, ametoka bungeni anafika nyumbani, anapigwa risasi 16. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza likaandika yaliyotoka kwenye baraza la usuluhishi wa kazi kule London. Michael Clifford, aliyekuwa mpelelezi wa ndani wa Millicom, kampuni iliyomiliki Tigo wakati ule, anadai alifukuzwa kazi kwa kuhoji jambo moja: Tigo kuipa serikali taarifa za simu za Lissu, pamoja na mahali alipo, saa 24, katika wiki chache kabla ya shambulio. Soma tena hapo. KABLA. Mbunge, Rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, anafuatiliwa mnara kwa mnara, kisha anamiminiwa risasi. Mpaka leo hakuna hata mtu mmoja aliyefikishwa mahakamani.

Watatuambia sheria ipo. Ni kweli ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. EPOCA ya 2010 inazitaka kampuni za simu zitunze siri za mteja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo imeanza kutumika Mei 2023, na tume yake Rais Samia kaizindua kwa shangwe. Lakini sheria hiyo hiyo imeacha mlango wazi kwa jina la usalama wa taifa, na nani anaamua usalama wa taifa ni nini? Ni yule yule anayeomba taarifa.

Sitaki minara ing'olewe, jamani. Mama yangu akipotea njiani kwenda Kyela nitataka atafutwe kwa simu yake, tena haraka. Tunachodai ni kwamba anayetaka kujua raia yuko wapi aende kwa hakimu kwanza, aeleze sababu, apewe kibali chenye mwisho, na mwenye simu aje kuambiwa baadaye. Na kampuni zitangaze kila mwaka zimeombwa mara ngapi na zimekubali mara ngapi. Kenya walipolalamika vijana, Safaricom ililazimika kutoka hadharani na kusema haitoi bila amri ya mahakama. Uamini usiamini, angalau walijibu.

Na kama mitambo inafanya kazi vizuri hivyo, basi ifanye kazi na kwetu. Deusdedit Soka, kiongozi wa BAVICHA Temeke, hajaonekana tangu tarehe 18 Agosti 2024, yeye na wenzake wawili. Inaelezwa aliitwa kwa simu. Simu hiyo ilipigwa kutoka mnara upi? Ya kwake ilizimika ikiwa chini ya mnara upi, saa ngapi? Kumbukumbu za namna hiyo huingia kwenye kompyuta ya kampuni. Nani amezifungua?