Saa za kupima moyo zinawafikia wenye fedha, si wagonjwa

SAA ya mkononi inayomwonya mvaaji kwamba moyo wake unapiga ovyo si jambo la kubuni tena. Apple ilitangaza saa yenye uwezo wa kupima umeme wa moyo Septemba 2018, bei yake Marekani ikianzia dola 399. Fitbit, Samsung na Huawei nao wameingia katika biashara hiyo. Bidhaa yenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba anayeinunua na anayeihitaji si mtu mmoja.

Ugonjwa unaotafutwa ni ule wa vyumba vya juu vya moyo kutetemeka badala ya kusukuma damu kwa mpangilio. Damu hutuama, huganda, na donge likichomoka na kufika kwenye ubongo mtu hupata kiharusi. Hatari hiyo kwa mgonjwa wa aina hii hukadiriwa kuwa mara 5 ya mtu asiye na tatizo. Wengi hawajui kama wanaumwa, kwani hali hiyo huja na kuondoka, na siku mtu anapofika hospitali moyo unaweza kuwa unapiga vizuri kabisa. Hapo ndipo saa inapoishinda mashine kubwa ya hospitali: yenyewe inashinda mkononi.

Kazi yake si ya ajabu. Taa ndogo ya kijani chini ya saa humulika ngozi, damu hunyonya mwanga huo, na kila pigo likipita kiasi cha mwanga unaorudi hubadilika. Saa hupima nafasi kati ya pigo na pigo, na nafasi hizo zikivurugika mara kadhaa humtumia mvaaji onyo. Baadhi ya saa humtaka aweke kidole kwa sekunde 30 ili zichore umeme wa moyo, ingawa huo ni mchoro wa upande mmoja tu, wakati kipimo cha hospitali huutazama moyo kwa pande 12. Saa hizi hazitambui shambulio la moyo, na watengenezaji wenyewe wanakiri hivyo. Mwenye maumivu ya kifua anayesubiri saa imwambie la kufanya anapoteza muda ambao hana.

Utafiti mkubwa wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliogharimiwa na Apple na kuchapishwa Novemba 2019, uliandikisha watu 419,297. Waliopata onyo walikuwa 2,161 tu. Kati yao, 450 walirudisha kifaa cha kubandika kifuani kikiwa na kumbukumbu zinazosomeka, na asilimia 34 wakakutwa na tatizo. Si haki kusema waliobaki walidanganywa na saa, kwa sababu kifaa hicho kilivaliwa siku kadhaa baada ya onyo na hali yenyewe, kama ilivyoelezwa, huondoka.

Lakini katika utafiti huohuo zaidi ya nusu ya walioshiriki walikuwa na umri chini ya miaka 40, na wenye miaka 65 na zaidi hawakufika hata asilimia 7. Kwa vijana, waliopata onyo ni kama mtu mmoja au wawili katika kila 1,000. Kwa wazee ni zaidi ya 30. Kwa maneno ya sokoni, mzigo umepelekwa kusiko na njaa. Tena, chini ya nusu ya walioonywa ndio waliokamilisha hata mazungumzo ya kwanza na daktari wa utafiti, ambayo hawakuyalipia.

Kampuni inachukua faida siku ya mauzo. Gharama ya kwenda kuhakikisha, ya daktari, ya vipimo na ya hofu, inabaki kwa mnunuzi au kwa bima yake. Wala haijathibitika kwamba kuwasaka wagonjwa kwa nguvu kunapunguza kiharusi kwa kiwango kinachotarajiwa. Huko Denmark wazee 6,004 wenye vihatarishi walifuatiliwa, baadhi wakiwekewa kifaa chini ya ngozi. Matokeo yaliyotoka 2021 yalionyesha kwamba wenye kifaa waligunduliwa karibu mara tatu zaidi ya wenzao, lakini tofauti ya kiharusi haikuwa kubwa kiasi cha kutegemewa.

Kwa Afrika hesabu ni ngumu zaidi. Hapa wagonjwa wengi wa mapigo haya ni watu wa umri mdogo kuliko wa Ulaya, na sehemu yao walianza na homa iliyotokana na maambukizi ya koo utotoni, ikaharibu milango ya moyo. Utafiti uliochapishwa 2022, uliohusu wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, ulionyesha kuwa kwa hao dawa za zamani za aina ya warfarini ziliokoa maisha zaidi kuliko dawa mpya iliyolinganishwa nazo. Warfarini ni ya bei nafuu, ila inataka damu ipimwe mara kwa mara. Ikizidi mtu huvuja damu, ikipungua haimkingi. Mwagizaji anayeleta mashine ndogo za kupima damu hiyo kwa tone la kidoleni, zikafika wilayani, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko mwenye kontena la saa.

Wapo watoto walioko ng'ambo wanaowatumia wazazi wao saa hizi. Si vibaya, hasa mzazi akiwa na shinikizo la damu. Waulize kwanza kama huduma hiyo imefunguliwa katika nchi anakoishi mzazi, maana huidhinishwa nchi kwa nchi, na kama simu yake inaendana na saa. Wakati mzigo uko njiani, muuguzi wa zahanati anaweza kumshika mzee mkono, akahesabu mapigo kwa dakika nzima, na akisikia yanaruka ovyo ampeleke kwenye kipimo cha umeme wa moyo.