Hukumu Ikikosea, Mlango wa Haki Usifungwe

Hakimu ni mwanadamu. Huhukumu kwa yale yaliyowekwa mbele yake. Je, ushahidi wa kweli ukidhihiri baada ya rufaa zote kwisha, aliyefungwa aelekee wapi?

Tuzingatie yaliyompata Andrew Malkinson wa Uingereza. Mwaka 2004 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la kubaka, kwa maneno ya mashahidi, pasipo kipimo chochote cha maabara kilichomhusisha. Mwaka 2007 vipimo vya vinasaba vilionesha athari ya mwanamume mwingine. Hata hivyo, tume inayopitia hukumu za jinai ilimkatalia mara mbili. Alikaa gerezani miaka 17, ilhali angalikiri kosa angaliweza kutoka mapema zaidi. Polisi walikwisha kuziteketeza nguo za mlalamikaji. Kilichomwokoa ni sampuli zilizosalia katika hifadhi ya maabara. Julai 2023 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu ile.

Hapa pana mazingatio mawili: kielelezo kihifadhiwe, na njia ya kukirejesha mahakamani iwepo.

Jirani zetu Kenya wanayo njia hiyo. Ibara ya 50(6) ya Katiba yao ya mwaka 2010 humruhusu aliyemaliza rufaa kuiomba Mahakama Kuu kesi isikilizwe upya, ukipatikana ushahidi mpya wenye uzito. Ama kwetu Tanzania, Kanuni ya 66 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 imetaja sababu za mapitio, zikiwamo kosa la dhahiri, kunyimwa haki ya kusikilizwa na udanganyifu. Ushahidi mpya haumo. Husalia msamaha wa Rais. Lakini msamaha ni wa mkosaji, haumsafishi asiye na kosa.

Wapo wasemao kwamba kesi sharti ziwe na mwisho. Ni kweli, na ndiyo maana ushahidi huo ushurutishwe kuwa mpya na mzito. Lakini katika barua inayonasibishwa kwa Sayyidna Umar kwenda kwa Abu Musa al-Ash'ari, kadhi ameusiwa kwamba hukumu ya jana isimzuie kuirejea haki.

Basi Bunge na liifungue njia hiyo kwa sheria, na vielelezo vitunzwe maadamu mfungwa yungali gerezani. Katika nchi ambayo adhabu ya kifo ingali ndani ya sheria, kuchelewa huenda kukawa ndiko kukosa kabisa.