MAONI YETU: Kampuni za kamera zifungue faili zao

Ukipiga picha ghafi, ile ambayo kamera haijaipunguza kuwa JPEG, faili unayopata huandikwa kwa muundo wa kampuni iliyokuuzia kamera: NEF kwa Nikon, ARW kwa Sony, CR3 kwa Canon. Maelezo kamili ya kuisoma kampuni haiyatangazi. Picha ni yako, ufunguo ni wao.

Mwaka 2005 ilibainika kuwa Nikon D2X ilikuwa ikizifungia kwa msimbo wa siri taarifa zinazohitajika kusahihisha rangi kulingana na mwanga. Thomas Knoll, mmoja wa waliobuni Photoshop, alilalamika hadharani. Siri hiyo ilifumbuliwa na Dave Coffin, Mmarekani ambaye tangu 1997 alikuwa akichambua faili za kamera moja baada ya nyingine na kuitoa bure programu yake, dcraw. Programu nyingi za picha zilijengwa juu ya kazi yake. Hazina ya picha za watu wasiohesabika ikawa imeegemea subira ya mtu mmoja! Kisha mwaka 2018 Canon ikaleta CR3, na programu zilizozoea CR2, muundo wake wa awali, zikakwama hadi ziliporekebishwa.

Njia nyingine ipo. Tangu 2004 Adobe imeweka wazi maelezo ya muundo wa DNG, na yeyote anaruhusiwa kuutumia bila malipo. Leica wanautumia. Hata ProRAW ya iPhone ni DNG, kwa hiyo simu inakupa uhuru ambao kamera ya mamilioni ya shilingi inakunyima.

Tunaambiwa kuna siri za kiufundi za kulindwa. Hatukubali. Hakuna anayeomba michoro ya kihisi wala ya lenzi. Tunaomba kujua picha yetu imeandikwaje. Wengine watasema DNG nayo ina mwenyewe. Ni kweli, ila mwenyewe huyo ameacha mlango wazi.

Pentax ilipotoa K10D mwaka 2006, mpiga picha alichagua mwenyewe kwenye menyu: PEF ya kampuni au DNG. Nikon, Canon na Sony wafanye vivyo hivyo, au wachapishe maelezo ya miundo yao. Nawe unayejiandaa kununua kamera, kabla hujatoa fedha muulize muuzaji kama inaandika DNG.