Mkopeshaji na Asimame Nje ya Mlango

Miongoni mwa sheria ambazo Mungu aliwapa watu wake kwa mkono wa Musa, imo moja isiyosikika mara nyingi katika mahubiri. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, chaagiza kwamba anayemkopesha jirani yake asiingie nyumbani mwake kutwaa rehani. Asimame nje, na mwenye deni mwenyewe ndiye amtolee rehani hiyo. Sura hiyo hiyo yakataza kulichukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa anayelichukua amechukua uhai wa mtu. Sheria hiyo haikumwambia mkopaji asilipe. Iliweka kizingiti, ili umaskini wa mtu usiwe ruhusa ya kumvunjia heshima mbele ya watoto wake.

Twaona ni wajibu wetu kuikumbusha sheria hiyo, kwa kuwa miaka hii ya karibuni amekuja mkopeshaji asiyejua mlango. Hana ofisi mtaani wala daftari la wadeni. Anakaa ndani ya simu. Wananchi wameiita mikopo ya namna hii, pamoja na ile ya vibandani, kausha damu, na jina hilo limeistahili.

Utaratibu wake ni huu. Mtu mwenye shida huweka programu ya mikopo katika simu yake. Kabla hajapewa hata shilingi moja huombwa kubonyeza neno la kukubali, na kwa kubonyeza huko huifungulia kampuni orodha ya majina na namba zote zilizohifadhiwa humo. Tuchukue mfano. Mama lishe anaomba shilingi 100,000. Kampuni inakata kwanza shilingi 20,000 na kuziita ada, naye anapokea 80,000. Baada ya siku 14 anatakiwa kurudisha 100,000 kamili. Amelipa asilimia 25 ya fedha alizopokea, tena kwa majuma mawili tu. Kwa hesabu ya mwaka mzima hiyo ni asilimia 650. Ni biashara gani ya chapati na maharage iwezayo kuzaa faida ya kiasi hicho?

Siku ya kulipa ikipita, ujumbe hutumwa kwa watu waliomo katika orodha ile: kaka yake, mwalimu wa wanawe, mwenyekiti wa jumuiya yake. Wanaambiwa kwamba fulani ni tapeli, wamhimize alipe. Watu hao hawakukopa, hawakumdhamini, wala hakuna aliyewauliza. Hapo ndipo inapoonekana wazi kwamba rehani iliyotwaliwa si mali. Ni jina la mtu na ujirani wake.

Tusieleweke vibaya. Hatuandiki haya kama watu wanaoogopa mitambo mipya. Tangu huduma ya M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007 na hapa Tanzania mwaka 2008, mzazi aliye kijijini hupokea fedha za mwanawe siku ile ile zinapotumwa, bila kumtegemea kondakta wa basi. Hilo ni jema, na tunamshukuru Mungu kwa akili aliyowapa wanadamu. Tunajua pia kwamba benki hudai hati ya nyumba, na kikundi cha VICOBA hudai kwanza hisa. Mtoto akizidiwa usiku wa manane, mlango ulio wazi ni ule wa simu. Kwa hiyo soko limejibu shida ya kweli. Lakini soko likiachwa peke yake hujibu shida kwa bei ambayo mwenye shida hana nguvu ya kuikataa.

Hayo Kanisa limeyafundisha tangu zamani. Baba Mtakatifu Leo wa XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alieleza kwamba mapatano ya ujira kati ya tajiri na mfanyakazi mwenye njaa hayawi ya haki kwa sababu tu wote wawili wamekubali. Katika waraka huo huo aliilaani riba ya kinyonyaji. Mwaka 2025 Baba Mtakatifu Leo wa XIV alipochaguliwa, alieleza kwamba moja ya sababu za kulitwaa jina hilo ni mabadiliko makubwa ya viwanda na ya akili bandia yanayogusa utu na kazi ya mwanadamu katika siku zetu. Kidole cha mama mwenye mgonjwa kinapobonyeza neno la kukubali, mapatano hayo ni ya namna ile ile aliyoisema Leo wa XIII.

Wapo wasemao kwamba teknolojia haizuiliki. Ukweli wakanusha. Mwaka 2019 kampuni ya Google ilikataza katika duka lake la programu mikopo binafsi inayotaka kulipwa yote ndani ya siku 60, na kwa Marekani ikakataza pia ile yenye gharama ya asilimia 36 au zaidi kwa mwaka. Mwaka 2023 ikazikataza programu za mikopo kuchukua orodha za majina na picha za wateja. Kumbe duka lina mlango, na mwenye duka aweza kuufunga akitaka. Twauliza tu: ikiwa kipimo cha asilimia 36 chamfaa mkazi wa Chicago, mama lishe wa Mbagala ana upungufu gani wa ubinadamu hata asiwekewe kipimo kama hicho?

Serikali nazo zimeanza kuamka. Kenya ilibadili sheria ya Benki Kuu yake mwishoni mwa mwaka 2021 ili wakopeshaji wa mtandaoni wapewe leseni, na Septemba 2023 kampuni moja ilitozwa huko faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya kwa kutumia vibaya taarifa za watu. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo wa mikopo ya kidijitali, na Novemba mwaka huo ikazitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tunapongeza hatua hizo. Hata hivyo, programu iliyofungiwa yaweza kurudi kwa jina jingine, na aliyekwisha aibishwa hajui aende wapi kushtaki.

Wala haitoshi kumfungia mnyonyaji pasipo kumwonyesha mkopaji mlango mwingine. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Shida za watu hazikusitishwa katika kipindi hicho.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, gharama yote ya mkopo, pamoja na ada inayokatwa mwanzoni, itajwe kwa Kiswahili chepesi kabla mtu hajakubali, na iwekewe kikomo. Pili, anayeaibishwa awe na mahali pa kulalamika wilayani, si Dodoma na Dar es Salaam pekee. Tatu, mikopo ya halmashauri iwafikie walengwa bila upendeleo. Tusiseme kwamba hatusikilizwi. Tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021 zilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo huo, kwa sababu wananchi walisema.

Lakini liko jambo ambalo halihitaji Bunge. Ujumbe ule wa aibu una nguvu kwa sababu moja tu: mkopeshaji anatumaini kwamba sisi tutamcheka jirani yetu. Silaha yake ni midomo yetu. Mwanajumuiya akiupokea ujumbe huo na kuusambaza katika kundi la kwaya, amekuwa mtoza deni asiye na mshahara. Akiufuta, kisha akaenda kumjulia hali aliyetajwa, rehani ile imekosa thamani.

Viongozi wa walei, tunawasihi mlizungumze jambo hili katika Jumuiya Ndogo Ndogo mwezi huu. Wafundisheni watu kusoma kabla ya kubonyeza. Waonyeni wanaokopa ili kubeti. Mwenye deni na alipe, kwani kulipa deni ni haki. Kisha ulizeni kama mfuko wa jumuiya waweza kutenga kiasi kidogo kwa ajili ya ugonjwa na msiba, kikopeshwe bila riba na bila kutangazwa. Hapo atakayebisha hodi usiku atafunguliwa na ndugu, naye mkopeshaji asiyejua mlango atasimama mahali alipowekwa na sheria ya Mungu: nje.