Lubumbashi: Windows 10 imeachwa, kompyuta za zamani zitaenda wapi?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imesimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Mjini Lubumbashi, ambako wengi hununua kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya, jambo hilo si dogo: Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0, na mashine nyingi za zamani hazina. Zitupwe, katika jimbo linalochimba kobalti ya betri zake?

Linux Mint ni ya bure, na hutosheka na GB 2 za memori. Kuipakua ndiyo kazi: karibu GB 3, na umeme wa SNEL hukatika. Lakini akiipata mmoja, USB moja yahudumia mtaa mzima, na leseni yaruhusu. Wenye programu za hesabu za Windows waijaribu kwanza.