Tuitazame "Jumong" kwa Jicho la Mwanafunzi

Wapo wazee wenzangu hapa Akheri, Meru, wanaosema kwamba tamthilia za Kikorea zinawaharibu vijana. Kijana, wanasema, akishaketi mbele ya televisheni haitiki anapoitwa, wala hakumbuki kwamba ng'ombe hajakatiwa majani. Malalamiko hayo yana haki yake. Lakini wazee wangu wanavuka mpaka wanapoitia "Jumong" kapu moja na kila upuuzi unaoonyeshwa usiku. Leo nataka kuitetea kazi hiyo, kisha nina deni la kuwadai vijana.

"Jumong" ilionyeshwa na televisheni ya MBC ya Korea Kusini kuanzia Mei 2006 hadi Machi 2007. Ilikusudiwa iwe na sehemu 60, watu wakaipenda hata ikafika 81. Inasimulia kuzaliwa kwa dola ya Goguryeo, ambayo kwa mapokeo ya Wakorea ilianzishwa mwaka 37 kabla ya Kristo, ikasimama hadi mwaka 668 baada ya Kristo. Waliitengeneza bila ubahili: huko Naju walijenga mandhari ya mji wa kale, na majumba ya kifalme na mitaa yake, na wakawavika mashujaa deraya na makuhani majoho. Kwetu ilifika kwa DVD na kwa vibanda vya video, ikaingia hadi migombani. Leo wako vijana wanaomjua Song Il-gook, aliyeigiza Jumong, kuliko wanavyowajua waliotawala Mlima huu wa Meru wanaoulalia.

Fahari ile ndiyo inayowakamata watu kwanza, na si vibaya. Jicho lina haki ya kupendezwa. Ila nawasihi msiishie kwenye mavazi.

Tazameni jinsi hadithi ilivyofumwa. Katika masimulizi ya kale ya Wakorea, yaliyomo ndani ya kitabu cha historia kiitwacho Samguk Sagi kilichokusanywa mwaka 1145, Jumong anatoka ndani ya yai, analenga shabaha tangu utotoni, na anapokimbizwa na adui samaki na kasa wanajipanga mtoni wamfanyie daraja. Yote hayo ni kurasa chache tu. Waandishi wa tamthilia waliliacha yai, wakawaacha na kasa, wakatuanzishia na kijana wa ikulu aliye mwoga na mlegevu, anayedharauliwa na ndugu zake. Kisha wakampeleka gerezani, ndani ya pango, kwa mfungwa kipofu aliyesahauliwa humo miaka mingi. Mfungwa huyo anamfundisha kupigana. Macho hayapo, lakini masikio yake yanajua upanga umeinuliwa vipi na mguu umekanyaga wapi. Mwanafunzi hajui kwamba kipofu yule, Haemosu, ndiye baba yake mzazi; na baba naye hajui kwamba anamfunza mwanawe. Sisi tuliokaa kitini tunajua, tunaumia kwa niaba yao, na baba anauawa kabla ya kijana kuelezwa ukweli. Mtu aliyebuni hayo kutokana na kurasa chache za mambo ya kale ni fundi, astahili heshima ya fundi.

Lakini anayenigusa kuliko wote si mfalme wala mwana wa mfalme. Ni Mopalmo, mkuu wa wahunzi. Panga za watu wake wa ufalme wa Buyeo zinavunjika kila zinapokutana na panga za dola ya Han ya Wachina, na Han haitaki kabisa watu wa Buyeo wajue siri ya chuma kigumu. Basi Mopalmo anafua, anachovya majini, anajaribu, upanga unakatika. Anarudi kwenye mkaa na kuanza upya. Anakata tamaa, analewa, analia kama mtoto, kesho yake yuko tena mbele ya moto. Sehemu baada ya sehemu tunaoneshwa kwamba uhuru wa taifa zima unangoja mikono ya mhunzi mmoja mchafu wa masizi. Ni tamthilia ngapi zimewahi kumpa fundi wa mkono cheo kama hicho?

Na hapa ndipo ninapowaomba vijana wasimamishe picha kidogo wanisikilize. Kule Buhaya, pwani ya magharibi ya Ziwa Victoria, ndani ya nchi yetu hii, watu waliyeyusha chuma tangu zama zile za kale. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa huko walitengeneza chuma cha pua yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Hawakukisia tu. Waliwaomba wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanakumbuka kazi hiyo wajenge tanuri upya. Wazee wakachimba shimo, wakaunguza humo matete ya kinamasi, wakapenyeza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, hata hewa ya mivukuto ikawa inapata moto kabla ya kuufikia mkaa. Joto likapanda mno, na chuma kikatoka. Basi zama hizo hizo za Jumong, au karibu nazo, sisi tulikuwa na akina Mopalmo wetu. Tofauti ni kwamba wa Korea anajulikana hadi Tengeru sokoni, na wa kwetu hajulikani hata Bukoba mjini.

Sitarefusha habari za Soseono, ingawa anastahili. Ni binti wa mfanyabiashara, aongozaye misafara kwa akili zake, akashika ufalme pamoja na Jumong. Kisha alipoona kwamba kubaki kwake kutazua vita vya urithi, akawachukua wanawe akaenda kusini. Mama mwenye nguvu ya kuachia madaraka ili watu wasiuane: wanasiasa wetu na watazame sehemu zile za mwisho, pengine mara mbili.

Anayedhani kwamba kujishughulisha na michezo ya kale ya mataifa mengine ni utumwa wa akili, namkumbusha Mwalimu Nyerere. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye kila aina ya shida, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar wa Roma, na mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuisahihisha. Hakuna aliyemwita mtumwa. Alipita Roma ya kale kwa kalamu yake, akarudi na Kiswahili kilichopanuka.

Sasa nije kwenye deni. Ninyi mliotazama sehemu zote 81 hamwezi tena kusema kwamba hamjui hadithi ya taifa inavyojengwa. Mmekwisha kuona kwamba kurasa chache zinatosha. Je, sisi tumekosa kurasa?

Hapa hapa Akheri, Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa usiku karibu na kambi ya Kapteni Johannes wa Kijerumani. Kisasi kilichofuata kilichoma nyumba na kuswaga mifugo. Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga viongozi wengi pale Moshi, Mangi Meli akiwa mmoja wao, na Mangi Lobulu wa Meru pia. Wamo katika kisa hicho vijana wenye mikuki, wageni wenye Biblia, askari wenye bunduki, na mama waliopoteza kila kitu; na hakuna hata mmoja ambaye ni mwepesi wa kuhukumiwa. Mwandishi mwema angekaa nao wote bila kumkandamiza yeyote. Na akitaka mji wa kale, hana haja ya kujenga Naju: Engaruka ipo, kule Monduli, na matuta yake ya mawe na mifereji ya kumwagilia iliyoanza yapata karne ya 15, ikaachwa watu walipohama.

Kisha kuna Novemba 1951. Serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Watu wakachangishana senti zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Mtu wa migombani, kutoka mlima huu, amesimama mbele ya mataifa akidai ardhi! Nipeni mtu wa Korea, wa Uturuki au wa Hollywood atakayekataa kisa kama hicho akiletewa mezani. Ardhi haikurudi mara ile, lakini Tanganyika nzima ilisikia, na harakati za uhuru zikapata mfano wa kushika.

Wanangu, gharama isiwe kisingizio. Majumba na deraya vitakuja na mwenye fedha, ushahidi haungoji. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 siku zile za Ngarenanyuki leo amevuka 80. Wengine ni majirani zenu, wanakumbuka moshi, wanakumbuka ng'ombe waliopotea njiani, wanakumbuka nani alibebwa mgongoni. Nendeni kwao wiki hii, mwende na chai na adabu. Waulizeni taratibu, msiwakatize, andikeni majina ya mahali sawasawa, na mwombeni mwalimu wa historia wa sekondari awafundishe kupanga mlichokusanya. Simu zile zile mnazotazamia "Jumong" zina kitufe cha kurekodi.