Wapiga hevimetali wetu nao waimbe Kiswahili

Jioni ya tarehe 26 Julai 2024, mamilioni ya watu waliokuwa wakitazama ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki jijini Paris walishuhudia jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Kwenye kuta za Conciergerie, jengo la kale kando ya Mto Seine ambamo Malkia Marie Antoinette alifungwa kabla ya kukatwa kichwa mwaka 1793, walijitokeza wanamuziki wa kundi la Gojira wakiungurumisha magitaa yao ya umeme. Wimbo wao, "Mea Culpa (Ah! Ça ira!)", umejengwa juu ya wimbo wa wanamapinduzi wa Ufaransa wa mwaka 1790, na ndani yake mwimbaji wa opera, Marina Viotti, anapokezana na sauti ya ngurumo. Februari 2025 wimbo huo ulitunukiwa tuzo ya Grammy kule Marekani katika kitengo cha hevimetali.

Naupendekeza kwa msomaji yeyote anayedhani kuwa hevimetali ni maradhi ya vijana waliokosa kazi. Lakini nauanza pia kwa sababu ya lugha. Gojira ni Wafaransa ambao kwa zaidi ya miaka ishirini wameimba hasa kwa Kiingereza. Siku nchi yao ilipowahitaji, waliyarudia maneno ya wahenga wao. Ninalotaka kuuliza hapa ni kwa nini vijana wetu wanaopiga muziki huu jijini Nairobi, ambao nyimbo zao aghalabu ni za Kiingereza na hata majina ya makundi yao ni ya Kiingereza, wangoje Olimpiki.

Nafundisha isimu, wala si muziki. Hata hivyo, isimu huchunguza sauti zitokazo kinywani mwa binadamu, na ni mahali pachache sauti hizo zinapofanyishwa kazi ngumu kama humu. Watu hulalamika kwamba mwimbaji wa hevimetali anajiharibu koo kwa kupiga mayowe. La hasha! Aliyefunzwa vyema hapigi mayowe. Juu ya nyuzi za sauti tunazosemea kuna mikunjo miwili ya nyama ambayo katika mazungumzo ya kawaida hukaa kando bila kazi. Mwimbaji huyu huitikisa mikunjo hiyo, ndipo tunaposikia ngurumo nzito. Wamongolia nao huitumia mikunjo iyo hiyo katika aina mojawapo ya uimbaji wao wa jadi wa kooni. Kwa hiyo kundi la The Hu kutoka Mongolia lilipouunganisha uimbaji huo na magitaa ya umeme, liliwakutanisha ndugu waliopotezana. Sikiliza "Yuve Yuve Yu" wa mwaka 2018, kisha "This Is Mongol" wa mwaka 2022. Jina la huo wa pili lisikuhadae. Maneno yanayoimbwa ni ya Kimongolia, na zeze lao la nyuzi mbili lenye kichwa cha farasi linasikika bayana kati ya ngoma.

Mashabiki wameugawa muziki huu katika bahari nyingi kuliko washairi wa Mvita. Kamusi zetu hazina majina ya bahari hizo, nami nimelazimika kujiundia: metali ya jadi, metali ya mbio, metali ya mauti, metali ya kiama. Atakayekuwa na istilahi bora na azilete.

Katika metali ya mbio sijasikia katika miaka ya karibuni kundi linalonigusa kama Alien Weaponry wa New Zealand. Ndugu wawili, Henry na Lewis de Jong, walisoma utotoni katika shule inayofundisha kwa Kimaori, lugha ambayo haikupata kutambuliwa kisheria kuwa lugha rasmi ya nchi hiyo hadi mwaka 1987. Albamu yao ya kwanza, "Tū", ilitoka mwaka 2018. Wimbo mmoja humo, "Rū Ana Te Whenua", unahusu vita vya Pukehinahina vya mwaka 1864, ambamo babu yao mmoja aliuawa akipigana na Waingereza. Mwingine, "Raupatu", unazungumzia sheria ya mwaka 1863 iliyoiruhusu serikali ya kikoloni kuwanyang'anya ardhi Wamaori walioitwa waasi. Msomaji wa Kenya, ambaye babu yake aligeuzwa mpangaji katika shamba lake mwenyewe kwa sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915, hahitaji mkalimani hapo. Mwaka 2025 vijana hao walitoa albamu ya tatu, "Te Rā". Uanze na "Mau Moko", wimbo unaohusu chale ambazo Wamaori huchanja usoni. Si lazima ujue Kimaori hata neno moja. Lugha hiyo, kama Kiswahili, hupenda silabi zinazoishia kwa irabu, na sikio la Mswahili huishika upesi.

Jambo hilo la irabu si dogo. Ngurumo haiwezi kukaa juu ya konsonanti. Hukaa juu ya irabu, na hasa irabu pana kama a na o. Kiingereza humbana mwimbaji kwa mafungu ya konsonanti mwishoni mwa maneno, na ndiyo sababu mojawapo ya msikilizaji kutoambulia kitu. Lugha za toni zina tatizo lake, kwa kuwa katika ngurumo kiwango cha juu na cha chini cha sauti hufifia, na pamoja nacho hufifia tofauti ya maana. Arka'n Asrafokor wa Togo, ambao huimba kwa Kiewe, Kifaransa na Kiingereza, wanaimba kwa lugha ya toni, na katika albamu yao "Dzikkuh" ya mwaka 2024 wameipokeza ngurumo na sauti safi, huku ngoma za kwao zikienda sambamba na gitaa. Wimbo wa kuanza nao ni "Walk With Us". Wenzetu wanaotaka kuimba kwa Kikuyu au Kijaluo, ambazo nazo ni lugha za toni, wana la kujifunza kutoka Togo. Kiswahili hakina toni. Mkazo wake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo hakipotezi kitu.

Nitapita haraka kwenye bahari nyingine. Katika metali ya jadi, wazee wa Judas Priest, kundi lililoanzishwa Uingereza mwaka 1969, walitoa "Invincible Shield" mwaka 2024 mwimbaji wao Rob Halford akiwa na umri wa miaka 72. Sikiliza "Panic Attack", kisha uniambie kama uzee ni ugonjwa. Katika metali ya mauti, Blood Incantation wa Marekani walitoa mwaka huo huo "Absolute Elsewhere", albamu yenye nyimbo mbili tu, kila moja ya dakika zinazokaribia ama kuzidi ishirini. "The Stargate" unamtosha mgeni, nao unatulia mara kwa mara kiasi cha kumruhusu apumue. Wenye subira waende kwenye metali ya kiama: "The Clandestine Gate" wa Bell Witch, uliotolewa mwaka 2023, ni wimbo mmoja wa dakika 83, unaokwenda polepole kama msafara wa mazishi.

Sasa nyumbani. Mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi waliojiita Duma walitoa albamu yenye jina hilo hilo kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mswahili akilisikia jina hilo humfikiria mnyama mwenye mbio. Wenyewe wameeleza kuwa walikusudia neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Sioni kosa, maana muziki wao una vyote viwili. "Lionsblood" na "Pembe 666" si nyimbo za kusikiliza ukiwa na maumivu ya kichwa, lakini hazifanani na za mtu yeyote. Mmoja wao, Lord Spikeheart, akaendelea peke yake na mwaka 2024 akatoa "The Adept" kwa kampuni aliyoianzisha na kuiita Haekalu, tahajia ambayo itawakera wenzangu wa kamusi. Albamu hiyo ameitunuku kwa nyanya mkuu wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Fildi Mashali katika Mau Mau na ambaye alifariki mwaka 2023. Hapo ndipo ninapoona mlango umefunguka. Kijana anayebeba jina la mpiganaji wa msituni ana hazina ambayo haipatikani Birmingham wala Denver.

Najua pingamizi mbili zitaletwa. Ya kwanza ni ya shetani. Nchi hii iliunda tume mwaka 1994 kuchunguza ibada za shetani, na hofu ile haijatutoka. Wapo wanaopaka nyuso rangi na kumtaja Ibilisi. Wengine ni mchezo wa jukwaani, wengine sivyo, na mzazi ana haki ya kuchagua. Lakini wasichana watatu wa Voice of Baceprot kutoka Garut, Indonesia, hupiga muziki huu wakiwa wamevaa hijabu, na "God, Allow Me (Please) to Play Music" wa mwaka 2022 ni ombi wanalompelekea Mungu mwenyewe. Jina lao ni neno la Kisunda lenye maana ya makelele. Mwaka 2024 walipanda jukwaa la Glastonbury, Uingereza.

Pingamizi la pili ni la soko: ati ulimwengu hausikilizi ila Kiingereza. Wamongolia na Wamaori niliowataja wamezunguka Ulaya na Marekani kwa lugha zao. Wanaozungumza Kimaori hawafiki hata sehemu ndogo ya wasemaji wa Kiswahili. Sisi tunahofia nini?

Wala tusiseme hatuna maneno. Fumo Liyongo, shujaa asiyedhurika kwa silaha ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyeuawa na mwanawe mwenyewe, anafaa metali ya mbio kuliko majoka yote ya Ulaya. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ni vita kutoka mwanzo hadi mwisho. Na kwa metali ya kiama, je, kuna maandishi gani yanayoishinda Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yenye majumba ya Pate yaliyobaki magofu, makao ya popo na buibui? Ina beti sabini na kitu tu. Kwa mwendo wa Bell Witch, zinaimbika kwa dakika zizo hizo 83, na kundi lolote la Nairobi lenye gitaa la besi, ngoma na mtu mmoja wa Lamu wa kuwasahihishia matamshi linaweza kuanza mazoezi Jumamosi hii.